Mkojo unavuja baada ya upasuaji wa tezi dume

Mpira wa mkojo umetolewa juzi. Nikiinuka tu kitini, suruali inalowa. Daktari aliharibu kitu?

Si lazima. Mkojo huzuiwa na misuli ya aina mbili: mmoja uko shingoni mwa kibofu, mwingine chini ya tezi dume. Tezi ikitolewa nzima kwa sababu ya saratani, ule wa juu huathirika, na kazi yote humwangukia wa chini akisaidiwa na misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile iliyotandaa chini ya kibofu. Haijazoea mzigo huo. Ndiyo maana ukilala uko mkavu, ukikohoa au kunyanyua ndoo unalowa.

Misuli hiyo nitaijuaje?

Jifanye unazuia ushuzi mbele ya wakwe. Papo hapo vuta uume kama unataka kuurudisha ndani. Simama mbele ya kioo bila nguo: shina la uume lirudi ndani kidogo na korodani zipande. Yakikaza makalio, au tumbo likiingia na pumzi ikakwama, umebana misuli siyo. Wengi hukosea hapa, wakahangaika wiki nzima kisha wakasema mazoezi hayasaidii.

Nifanye mara ngapi?

Usianze mpira ukiwa bado ndani. Subiri utolewe na daktari akuruhusu. Bana, hesabu hadi 5, legeza kwa muda uleule. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni, ukipanda polepole hadi sekunde 10. Kulegeza usikuruke, misuli isiyopumzika huchoka haraka. Kisha hamishia zoezi kwenye maisha: bana kabla ya kuinuka, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kushuka daladala. Ila usigeuze kukatiza mkojo msalani kuwa mazoezi ya kila siku. Kibofu hakitamaliza mkojo vizuri.

Nikipunguza maji?

Hapana. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, ukabanwa zaidi. Punguza chai ya rangi na kahawa.

Na swala? Nikirukuu tu, tone.

Mwenye udhuru wa namna hii hujisafisha, huweka pedi, hutia udhu wakati wa swala ukishaingia, kisha huswali bila kuchelewa. Mweleze sheikh wako hali ilivyo. Si wa kwanza kuuliza.

Nitapona lini?

Wengi hupata nafuu kati ya miezi 3 na 12. Jioni utavuja kuliko asubuhi kwa kuwa misuli imechoka, usidhani umerudi nyuma. Hesabu pedi za kila siku uandike. Daftari litakuonyesha nafuu ambayo wewe huioni. Mwaka ukipita na bado unalowa sana, kuna upasuaji wa kuweka utepe wa kushikilia njia ya mkojo au vali bandia ya kuifunga, muulize daktari wa mfumo wa mkojo. Lakini homa, mabonge ya damu, au mkojo kugoma kutoka kabisa ni safari ya hospitali hata kama ni saa nane usiku.