Roketi za hobi kupita kasi ya sauti: watu wanavyodhani na inavyokuwa kweli

Video za roketi za hobi za Marekani zimejaa mtandaoni, hasa zile zinazorushwa jangwa la Black Rock kule Nevada, kitu kinatoka kwenye reli ya kurushia fyuuu na ukipepesa jicho tu hakipo. Sasa kwa vile tunachoona ni zile sekunde mbili tatu za kupaa, kila mtu anajazia maelezo yake. Mimi msimamo wangu nauweka mapema: kupita Mach 1, yaani kasi ya sauti, sio ishu, ishu ni roketi irudi chini ikiwa nzima, na dhana nyingi potofu zinatokana na watu kuangalia upande wa kupaa tu.

"Lazima liwe dude kubwa." Wala. Injini za hobi zinapangwa kwa herufi na kila herufi inafika mara mbili ya ile iliyotangulia, yaani C inaishia Newton-sekunde 10 (kipimo cha msukumo wote wa injini), D 20, E 40, F 80, halafu G inaanzia hapo mpaka 160. Chukua G ya Newton-sekunde 120, ya kipenyo cha milimita 29, iweke kwenye roketi ambayo kwa wastani wakati inaunguza fueli ina uzito wa gramu 270 hivi. Gawanya 120 kwa kilo 0.27, unapata kama mita 444 kwa sekunde kabla hewa haijakata chake, na kasi ya sauti siku ya nyuzi 20 ni mita 343. Kwa hiyo nafasi ipo ila ni finyu, maana hewa inakata kingi, na ndo maana wajanja wanatengeneza roketi ambayo bomba lake, yaani mwili wake, ndo linavaa injini moja kwa moja, hakuna nafasi ya ziada pembeni. Ukipanua bomba toka milimita 29 mpaka 41 tu, eneo linalopambana na hewa limeshakuwa mara mbili, na hapo G yako haifiki popote hata ungepaka rangi ya Ferrari. Tena rangi nayo ina uzito bana, watu wanapima gramu za rangi.

"Kasi ya sauti ni namba moja dunia nzima." Hii fupi. Inategemea joto la hewa. Mombasa nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde, nyuzi 0 ni 331, na kule juu kilomita 11 ambako ni baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri ni 295 tu. Rubani Chuck Yeager tarehe 14 Oktoba 1947 alifika Mach 1.06 na ndege ya Bell X-1 akiwa juu kilomita 13 hivi, kasi kama kilomita 1,127 kwa saa. Kasi hiyohiyo ingekuwa usawa wa bahari pale Mombasa asingefika hata Mach 1, maana pale unahitaji kama 1,256.

"Ikivuka tu utasikia mlipuko, boom moja." Hapa kuna makosa mawili kwenye sentensi moja. Kwanza hakuna ukuta unaovunjwa mara moja halafu basi, wimbi la mshtuko linaifuata roketi muda wote inapokuwa juu ya kasi ya sauti, kama vile ndege ya abiria ya Concorde ilivyokuwa inaburuza mshindo wake njia nzima. Pili, roketi inayopaa wima inatuma lile wimbi pembeni na kwenda juu, haliji chini ulipo wewe. Kwa hiyo umesimama uwanjani na shingo imekauka unasubiri boom, hamna, unachosikia ni injini. Utasikia mpasuko pale roketi inaposhuka kichwa chini bila parachuti ikiwa bado ina kasi hiyo, na ukiusikia huo usishangilie, tafuta pa kujificha.

"Pua iwe kali kama sindano." Watu wanapenda hii kwa sababu inapendeza machoni. Chini ya kasi ya sauti pua ya mviringo inafanya vizuri tu. Ukikaribia Mach 1 na kupita kidogo, umbo linalosifiwa ni lile la Von Kármán, ambalo ni refu lakini ncha yake imebutuka kidogo. Urefu wa pua kama mara 5 ya kipenyo unatosha, zaidi ya hapo unabeba uzito wa bure.

Sasa tuje kwenye mapezi, yale mabawa madogo ya chini, hapa ndo roketi nyingi zinakufia. Dhana iliyopo ni kwamba kinachoua roketi kwenye kasi hiyo ni joto, eti itayeyuka. Piga hesabu: Mach 1.2 siku ya nyuzi 20, hewa inayogonga ncha inapanda mpaka nyuzi 104 hivi, na hiyo ni kwa sekunde moja au mbili tu, pua haipati hata muda wa kupata moto vizuri. Ukifika Mach 2 ni nyuzi 254, Mach 3 inapita 540, hapo sawa, joto linakuwa kesi na gundi ya epoksi ya kawaida inaanza kulegea. Lakini kwa anayetafuta Mach 1 adui ni mtetemo wa mapezi. Hewa inalipinda pezi kidogo, pezi linarudi, likirudi hewa inalisukuma tena, na ukivuka kasi fulani kila mzunguko unazidi uliopita mpaka linapiga kama bati lililoachia msumari kwenye upepo, halafu halipo. Yote hayo hayafiki hata nusu sekunde. Kwenye video unaona tu moshi ulionyooka umejikunja ghafla.

Na watu wakiambiwa hivyo dawa yao ni kuongeza ukubwa wa pezi, "litakuwa imara zaidi", kumbe pezi refu la kutokeza nje ndo linatetemeka mapema. Fomula inayotumika sana na wana hobi imetokana na ripoti ya NACA (shirika la anga la Marekani lililokuja kuwa NASA) ya mwaka 1958, na inasema ukiongeza unene mara 2 kasi ya kuanza kutetemeka inapanda karibu mara 3. Kwa hiyo fanya pezi fupi, nene kiasi, balsa, ule mti mwepesi, waachie wenye injini za C, wewe tumia plaiwudi nzuri au faibaglasi, na pale pezi linapokutana na bomba weka gundi ya kutosha uisawazishe kwa kidole iwe na mkunjo laini. Wengine wanalaza kitambaa cha kaboni kutoka ncha ya pezi moja, kinapita juu ya bomba, mpaka ncha ya pezi la jirani.

"Parachuti litafunguka lenyewe, kuna kompyuta." Kompyuta ipo ndio, ila hii ndo sehemu tamu. Kompyuta hiyo ni altimita, yaani kipima kimo, na nyingi zinapima presha ya hewa: presha ikishuka maana yake tunapanda, ikianza kupanda maana yake tumefika kileleni, fungua parachuti. Sasa roketi ikikatiza Mach 1, mawimbi ya mshtuko yanapita juu ya vile vitundu vya altimita na presha inaruka. Altimita isiyojua mambo haya inadhani tumeanza kushuka, inawasha baruti, parachuti linatoka roketi ikiwa kasi ya mita 340 kwa sekunde. Pale chini presha ya upepo wa kasi hiyo ni kama tani 7 kwa mita ya mraba, hivyo kiparachuti cha sentimita 45 kinakutana na zaidi ya tani moja. Kama kitambaa hakijachanika, kamba inachana bomba kutoka juu kwenda chini kama zipu. Ndo maana altimita nzuri zina kichujio au zinachelewa kwa makusudi mpaka kasi ipungue, na nyingine zinatumia kipima mchapuko pamoja na presha.

"Si uweke GPS itakuambia kasi." GPS nyingi za bei rahisi zinajizima zikipita mita 515 kwa sekunde hivi, na hata kabla ya hapo ule mchapuko wa kuondoka unazipotezea setilaiti. GPS ni ya kutafuta roketi porini.

Kuna na wale wa "fueli napika mwenyewe jikoni". Hobi hii kule Marekani ilipangwa miaka ya 1950 kwa sababu vijana walikuwa wanajilipua na mabomba ya chuma ya nyumbani, ndo zikaja injini za kiwandani zinazowashwa kwa umeme ukiwa mbali. Na hizo za kiwandani nazo sio za kila mtu: kule G yenye msukumo wa wastani unaozidi Newton 80 inahesabiwa ya daraja la juu, lazima uwe na cheti, na kwa kawaida uwe na miaka 18. Cheti chenyewe unapewa kwa kurusha roketi uliyoijenga mwenyewe mbele ya mkaguzi, halafu unaenda kuiokota unamletea, anaikagua. Ikiwa imevunjika kiasi cha kutoweza kuruka tena, umefeli, hata kama ilipaa vizuri namna gani.