Chiza, Shija, Idowu: jina la mtoto anayefuata mapacha

Katika Mkoa wa Kigoma, mtu akijitambulisha kwa jina la Chiza, mzee wa Kiha anajua tayari waliomtangulia: mapacha, Bukuru na Butoyi. Majina haya hayachaguliwi na wazazi. Yanaletwa na uzazi wenyewe, na ndiyo maana huvaliwa na wavulana na wasichana bila ubaguzi. Shina la Bukuru ni lile lile la neno letu "kuu", naye Butoyi ni yule mdogo. Aliyetangulia kutoka ndiye mkubwa, hata kama amemzidi mwenzake kwa dakika chache tu.

Tabora, kwa Wanyamwezi, mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Wasukuma nao wanayo majina hayo. Kiswahili kimeyapokea ya mapacha kama Kurwa na Doto, kiasi kwamba leo yanatumiwa hata na familia zisizojua yalikotoka.

Uganda, Waganda humwita anayefuata mapacha Kizza, na Wanyoro humwita Kiiza. Je, hilo na Chiza ni jina moja? Nina kila sababu ya kuamini hivyo. Hizi ni lugha za Kibantu za Maziwa Makuu, na katika lugha kadhaa za ukanda huu "ki" ikikutana na irabu hugeuka "ch", kama sisi tusemavyo "changu" wala si "kiangu". Sauti zinalingana, matumizi yanalingana, na majirani ni majirani.

Lakini ukifika kwa Wayoruba wa Nigeria, uwe mwangalifu. Wao pia wana majina ya mapacha, Taiwo na Kehinde, na anayewafuata ni Idowu. Wazo ni lile lile, ila maneno hayana undugu wowote na Bukuru wala Chiza. Tena hesabu yao ya ukubwa ni kinyume cha yetu: Taiwo hutoka kwanza, lakini Kehinde ndiye mkubwa, kwa kuwa alimtuma mdogo wake atangulie kuionja dunia. Nalipenda sana wazo hilo. Linaonyesha kwamba hata suala la nani mkubwa kati ya mapacha huamuliwa na utamaduni.

Kisha kuna Thomas, jina lililojaa makanisani kwetu. Asili yake ni Kiaramu, na maana yake ni pacha. Hata hivyo mtoto wa Kasulu anayebatizwa Thomas kwa kawaida hana pacha. Amepewa jina la mtume. Kwa hiyo orodha za "maana ya jina lako" zinazosambazwa kwenye simu hazitoshi. Asili ya neno ni jambo moja, na sababu ya mtoto kupewa jina hilo ni jambo lingine.

Waha, kama majirani zao Warundi, wana pia majina ya kuhesabu: Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa. Katika Minani unaisikia "nane" yetu waziwazi. Nyabenda anatukumbusha "kenda", neno letu la kale la Kibantu lililosukumwa pembeni na "tisa" ya Kiarabu.

Ombi langu kwa wazazi na makarani: mnapojaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, liandikeni jina la uzazi pamoja na la dini, msilifute. Kubalianeni mapema kama ni Bukuru au Bukulu, Kulwa au Kurwa, kisha tahajia hiyo hiyo ifuate kwenye kadi ya kliniki, shuleni na kwenye kitambulisho cha taifa. Na kama bibi au babu aliyempa mtoto jina bado yupo, mwulizeni sababu na muiandike.