Mdoli wa leba una kazi yake

Tukielekea Siku ya Wakunga Duniani, Mei 5, tumepitia masanduku ya maoni ya vituo vya Moshi ambako wanafunzi wetu wa ukunga hufanya mafunzo kwa vitendo. Lalamiko moja limejirudia kwa miandiko tofauti: wauguzi wanacheza na mdoli leba, chumba cha kujifungulia, huku ndugu wanasubiri nje. La karibuni ni la bibi aliyeteremka kutoka Kibosho na chupa ya mtori wa mzazi. Alichungulia dirishani akaona wauguzi wawili wameinamia mdoli mezani, mmoja akihesabu sekunde kwa sauti. Mtori ukapoa. Kwa mtori tunaomba radhi. Kwa mdoli, hapana.

Mdoli ule ni wa kufanyia mazoezi ya kumpulizia hewa mtoto mchanga, na hujazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto aliyezaliwa hapumui. Kifua chake hakipandi mpaka barakoa ya kupulizia hewa ikae sawasawa puani na mdomoni. Ukishika kidevu vibaya hewa inavuja pembeni, kifua kimelala, na dakika ya kwanza, ile tunayoiita ya dhahabu, inakwisha. Mimi mwenyewe nikitoka likizo mkono unakuwa umeshasahau.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa nchini. Hospitali ya Haydom, hapo Manyara, walitoa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Wahudumu walifanya vizuri kwenye mdoli, lakini walipofika kwa mtoto halisi namna yao ya kumhudumia haikubadilika. Walipobadili na kuanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale wodini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo anayetushauri tukafanyie mazoezi hotelini, kwenye semina ya chai na cheti, anaturudisha tulikotoka.

Utaratibu ni huu. Zoezi hufanyika wakati wa kubadilishana zamu, halizidi dakika kumi, na huongozwa na mkunga aliyepewa jukumu hilo kwa maandishi. Mama akiita, linakoma hapo hapo. Jina la aliyefanya, tarehe, saa na kosa lililoonekana huingizwa kwenye daftari la mazoezi, na muuguzi kiongozi wa wodi husaini kila Ijumaa. Ambu ya mdoli, yaani mfuko wa kubinya wa kupulizia hewa, imefungwa plasta nyekundu na hairuhusiwi kusogea kwenye meza ya kupokelea watoto. Atakayeichanganya na ya watoto huandika barua ya kujieleza ndani ya siku tatu. Akirudia, shauri linakwenda kamati ya nidhamu.

Halafu kuna hili la kwamba wanafunzi "wanajifunzia kwa akina mama". Linachosha, kusema kweli. Kabla ya kukanyaga leba, mwanafunzi ameshamzalisha mkufunzi wake mara nyingi. Tunajifunga tumboni mfuko wenye mtoto bandia na maji mekundu, tunalia uchungu (wengine tunazidisha), maji yanachuruzika kwenye khanga na beseni, naye anatakiwa aseme yamefika kiasi gani. Karibu wote hutaja pungufu. Tunamimina kwenye jagi lenye vipimo, anaona mwenyewe. Damu ya mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni dharura, na khanga iliyolowa hudanganya jicho.

Mwanafunzi atakayekuhudumia lazima awe na sare na kitambulisho, aseme kuwa ni mwanafunzi, aombe ridhaa yako, na asimamiwe na mkunga mwenye usajili na leseni kama Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inavyotaka. Una haki ya kukataa, na huduma yako haipungui. Anayeghushi saini ya msimamizi kwenye logibuku, daftari lake la kumbukumbu za mafunzo, anafutiwa mzunguko mzima wa leba na kuurudia.

Malalamiko tunayahitaji, ila yalenge penye kosa. Ukikuta ambu yenye plasta nyekundu kwenye meza ya watoto, mwambie muuguzi kiongozi papo hapo. Asipochukua hatua, nenda kwa mganga mfawidhi. Andika tarehe na saa. Jina lako si lazima.