Tunajuaje Kilichomo: Mwanga wa Jua na Udongo wa Shamba

Maji ya chumvi ya wali yakifurika kwenye sufuria na kumwagikia jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka manjano mara moja. Kila anayepika Mombasa ameliona hilo. Manjano ile ni sodiamu, nusu mojawapo ya chumvi, na ina mahali pake maalumu katika mwanga: mistari miwili iliyokaribiana sana, nanomita 589.0 na 589.6 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Sodiamu ya Gongoni, ya Bahari ya Sham au ya jasho la mkono wako, yote hutoa mistari hiyo hiyo. Na ukitazama mwanga wa jua kwa chombo kizuri, utaikuta mistari ile pale pale, isipokuwa kwenye jua ni myeusi.

Kazi yangu ni kupima udongo na majani ya mimea katika maabara hapa Mombasa. Wakulima wananiuliza jambo ambalo ni haki yao kuuliza: mashine inajuaje kwamba shamba langu halina zinki, na sisi hatukuiona zinki hiyo kwa macho? Ni swali lile lile la mtu anayeuliza wanajimu wamejuaje kuwa jua lina chuma, na hakuna aliyefika huko. Jibu la maswali yote mawili ni moja, nami nataka nilieleze kwa kituo, maana siku hizi vifaa vya kupimia udongo vinauzwa kila kona na wengi hawajui cha kumuuliza muuzaji.

Elektroni za atomi haziwezi kuwa na nishati ya kiwango chochote tu. Zina viwango vyake, na kila elementi ina vya kwake. Atomi ikipashwa moto, elektroni hupanda kiwango; ikishuka, hutoa mwanga wenye rangi inayolingana kabisa na tofauti ya viwango hivyo viwili. Mwanga wa rangi hiyo hiyo ukipita kwenye atomi iliyotulia, atomi huumeza, na hapo huonekana mstari mweusi. Niels Bohr alilieleza hili kwa haidrojeni mwaka 1913, lakini watu walikuwa wameshaitumia mistari hiyo zaidi ya nusu karne kabla ya kujua sababu yake.

Joseph von Fraunhofer, fundi wa vioo huko Ujerumani, aliona mistari myeusi ya jua mwaka 1814, akaichora kwa mamia na kuipa herufi. Hakujua ni nini. Waliofungua fumbo ni Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff pale Heidelberg, mwaka 1859. Kirchhoff alipitisha mwanga wa jua kwenye moto wenye chumvi akitarajia mistari ya sodiamu ya moto ijaze ile myeusi ya jua. Badala yake weusi ukazidi. Akaelewa kwamba hewa ya juu ya jua ina sodiamu inayomeza mwanga unaotoka chini yake. Mwaka uliofuata wawili hao walikuta katika maji ya chemchemi mistari ya buluu isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Hivyo ndivyo sisiamu ilivyogunduliwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Mstari peke yake hausemi kitu. Unasema pale tu unapowekwa kando ya mstari wa kitu unachokijua. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na wanajimu waliokuwa India, akiwemo Jules Janssen, waliona mstari wa manjano ukingoni mwa jua. Wengine walidhani ni sodiamu, lakini haukukaa mahali pa sodiamu; ulikuwa karibu na nanomita 587.6. Norman Lockyer wa Uingereza alishikilia kuwa ni elementi mpya, ikaitwa heliamu. Ilibidi kungoja hadi 1895 ndipo William Ramsay akapata gesi ile ile kutoka katika jiwe lenye urani, na mistari ikalingana. Wakati huo huo kulikuwa na mistari ya kijani katika mawingu ya gesi angani ambayo nayo ilipewa elementi yake mpya, nebuliamu. Hiyo haikupatikana kamwe. Mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa katika gesi nyepesi mno, ambayo kuitengeneza duniani ni kazi ngumu. Madai mawili yaliyofanana kabisa kwa sura. Moja lilipata kilinganishi chake, jingine likaanguka. Kila ninapoona takwimu nzuri isiyo na kilinganishi, huikumbuka nebuliamu.

Hata ule moto wa buluu wa jikoni kabla chumvi haijamwagika una habari zake. Sehemu ya buluu na kijani ndani yake hutoka kwenye vipande vya kaboni, hasa molekuli ya kaboni mbili na ile ya kaboni na haidrojeni. Mwaka 1868 William Huggins alilinganisha mwanga wa nyota yenye mkia na gesi ya kaboni aliyoipitishia cheche za umeme, akakuta vinafanana. Kijani cha vichwa vya nyota zenye mkia hutokana na molekuli ile ile iliyo kwenye jiko lako.

Sasa turudi kwenye udongo. Sampuli ikifika, tunaikausha kivulini, tunaiponda na kuipitisha kwenye chekecheo la milimita 2. Kisha tunaitikisa na kemikali inayong'oa virutubisho kutoka kwenye chembe za udongo, tunachuja, na maji yale yanafyonzwa na kurushwa kama ukungu ndani ya moto. Potasiamu tunaipima kwa rangi ambayo moto wenyewe unaitoa, katika nanomita 766.5, yaani jambo lile lile la jiko la gesi. Zinki haing'ari vya kutosha kwa moto huo, kwa hiyo tunafuata njia ya mistari myeusi: taa yenye zinki ndani yake inarusha mwanga wa nanomita 213.9 kupita kwenye moto wa asetilini wenye joto la nyuzi kama 2300, na tunapima mwanga kiasi gani umemezwa. Njia hii ilianzishwa na Alan Walsh, mwanafizikia aliyefanya kazi Australia, katika andiko lake la 1955.

Lakini mashine haitoi miligramu. Inatoa namba tu ya mwanga. Ili namba hiyo iwe miligramu, lazima kwanza niipitishe mashine kwenye myeyuko niliouchanganya mwenyewe, ambao kiasi chake nakijua: sifuri, kidogo, kiasi, kingi. Ni kama mizani ya Marikiti, haina maana bila mawe yake. Asubuhi nyingi kazi ya mawe huchukua muda mrefu kuliko kazi ya sampuli. Na Mombasa ina tabu yake: upepo wa kusi hubeba chumvi ya bahari hadi ndani ya vyumba, vidole vina jasho, na chupa za kioo nazo huachia sodiamu kidogo. Ndiyo maana tunatumia chupa za plastiki, na katika kila kundi la sampuli tunaweka moja isiyo na udongo kabisa, iliyopitia kila hatua kama wenzake. Kinachoonekana humo ni cha mji, si cha shamba, nasi tunakitoa kwenye hesabu.

Mama mmoja wa Kisauni aliniletea tawi la mdimu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, hili limekauka damu." Majani machanga yalikuwa manjano hadi kukaribia weupe, na mishipa yake ikabaki kijani kibichi kana kwamba imechorwa kwa kalamu, majani ya chini, yaliyokomaa, yalikuwa mazima. Dalili hiyo kwenye majani machanga ni ya upungufu wa chuma. Lakini tukiuyeyusha udongo wa kwake wote kwa asidi kali, chuma kimo tele. Ardhi ile imekaa juu ya mawe ya matumbawe, pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, iko karibu na 8, na katika hali hiyo chuma hujifunga kisiweze kuchukuliwa na mizizi. Kwa udongo wa namna hiyo tunatumia kemikali iitwayo DTPA, ambayo huchukua kile tu ambacho mmea ungeweza kukifikia, na hapo jibu likawa dogo. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Vimejibu maswali mawili tofauti, na swali la mama lilikuwa la pili. Kumwaga chuma cha kawaida kwenye ardhi ile ni kutupa pesa, kwa kuwa nacho kitafungwa. Kinachofaa ni chuma kilichoshikiliwa na kemikali inayovumilia chokaa, pamoja na samadi iliyooza vizuri.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi na vifaa vidogo vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, vinavyouzwa kwa ahadi ya kupima kila kitu kwa dakika moja. Sayansi yake ni ya kweli, na watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu pale Nairobi, wameifanyia kazi kubwa. Infraredi huona vifungo kati ya atomi, hivyo inajua habari za mboji, maji na aina ya mfinyanzi. Potasiamu iliyo huru haina kifungo cha kuonwa. Kifaa huikisia kwa kufuata vile vingine, na makisio hayo yanategemea udongo gani ulitumika kukifundisha. Kifaa kilichofundishwa kwa udongo mwekundu wa nyanda za juu hakijawahi kukutana na mchanga wa matumbawe wa Bamburi. Muulize muuzaji: kimelinganishwa na sampuli ngapi za Pwani, na maabara gani? Akibabaika, baki na pesa zako.

Setelaiti ziko katika hali hiyo hiyo. Klorofili humeza mwanga mwekundu, na jani zima hurudisha infraredi kwa wingi. Sentinel-2 inapima vyote viwili kwa vipande vya ardhi vya mita 10, na tofauti yake inaonyesha wapi shamba limenyong'onyea. Haisemi kwa nini. Njaa ya nitrojeni, kiu, na batobato ya muhogo vyote vinaweza kuonekana vinafanana ukiwa juu. Mawingu ya masika nayo huziba picha wakati mimea inapohitaji kuangaliwa zaidi. Bado naipenda kazi hiyo, na watu wa Pwani tuna sababu ya kuipenda: setelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Kwa anayetaka kupima shamba kabla ya mvua za vuli: chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au 20, ukienda kwa kupindapinda. Ruka kichuguu, jivu na mahali ng'ombe walipolala. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, kwa kuwa bati lina zinki. Nusu kilo yatosha. Tia kwenye mfuko mpya, usiwe uliobeba chumvi, saruji wala mbolea, na uandike juu yake ulichopanda msimu uliopita na unachotaka kupanda sasa. Kama mmea una dalili, lete na tawi lake, majani machanga na yaliyokomaa pamoja.