Wainuit hawaishi kwenye nyumba za barafu jamani

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, eti ukipanda meli ya watalii kwenda Aktiki, kule kaskazini kabisa mwa dunia, kiangazi utawakuta Wainuit, wenyeji wa huko, wanaishi kwenye vibanda vya barafu na pengwini wamejipanga nje. Sio kweli.

Iglu, yaani kile kibanda cha duara, haijengwi kwa barafu, ni theluji iliyoshikana inakatwa matofali kwa kisu kirefu, na ilikuwa zaidi kambi ya wawindaji msimu wa baridi, tena kwa baadhi yao tu, wengine walijenga kwa mawe, udongo na mifupa ya nyangumi, kiangazi wakahamia mahema ya ngozi. Leo mtu wa Pond Inlet kule Kanada au Ilulissat kule Greenland anakaa nyumba ya mbao yenye hita na intaneti. Watu wanachanganywa na neno lenyewe, maana kwa Wainuit iglu ni nyumba yoyote ile, halafu katuni zikamalizia kazi.

Pengwini ndo kabisa, hao ni wa kusini mwa dunia. Huko juu utaona dubu weupe, walrasi, na ukibahatika narwali, yule nyangumi mwenye jino refu kama mkuki.

Unataka kuhakikisha? Fungua ramani kwenye simu, andika Ilulissat, angalia picha za Julai: nyumba nyekundu, bluu na njano juu ya miamba, barafu inaelea baharini huko. Ukitumiwa tena hiyo meseji usiifowadi, mrudishie aliyekutumia picha hizo.