Kapasita nzuri ya mazabodi ni ipi?

Fungua kompyuta ya mezani ya zamani utazame mazabodi, yaani ule ubao mkuu, kando ya prosesa. Utaona vikopo vidogo vimejipanga: hizo ndizo kapasita. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka kama volti 1 tu. Saketi iliyo hapo huushusha umeme kwa kuukata na kuuachia maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na kapasita ndizo zinazoulainisha, zikijaa na kujitoa bila kupumzika.

Kopo limeandikwa, tuseme, 1500 µF (maikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme), 6.3V, 105°C. Wengi huishia hapo wakinunua, na hapo ndipo wanapokosea. Ukinzani wa ndani, ambao mafundi huuita ESR, hauandikwi kwenye kopo. Kapasita ya kawaida inaweza kuwa na namba hizohizo, lakini ukiiweka karibu na prosesa itachemka hadi ife. Kwa hiyo tafuta zile herufi mbili tatu za toleo zilizo ubavuni, kisha usome karatasi ya vipimo ya mtengenezaji.

Humo utakuta pia umri: labda saa 2000. Usishtuke, hizo ni saa za kwenye nyuzi 105. Kwa makadirio, kila joto likishuka nyuzi 10 umri huongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 65 zinakuwa saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzima. Feni iliyojaa vumbi inakula umri huo kimyakimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi, hasa za Taiwan, zilitoka na elektroliti mbovu, yaani kile kimiminika cha ndani. Maji yaliyomo yaliila alumini, ikazaliwa gesi ya haidrojeni, vichwa vikavimba. Ile alama ya K au X iliyochongwa juu ya kopo ni njia ya kupumulia, ili lipasuke taratibu badala ya kulipuka. Watu wakaanza kusema “nunua ya Japani”. Ni ushauri mzuri, ila si kinga: baadhi ya matoleo ya Nichicon, kampuni ya Japani, ya miaka ileile nayo yalivimba, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex zenye kapasita mbovu.

Mazabodi za leo nyingi hutumia kapasita za polima, aina ya plastiki inayopitisha umeme. Hazina kimiminika cha kukauka, ESR yake ni ndogo, na kichwa ni bapa bila mchongo. Ukiweza kuchagua, chagua hizo.

Ukibadilisha, µF ziwe zilezile, volti zilingane au zizidi. Mstari wa kwenye kopo ni upande wa hasi, lakini rangi iliyo kwenye ubao usiiamini: wengine hupaka hasi, wengine chanya. Piga picha kabla hujagusa lehemu.