Lidl ilivyokwama Norway

Kila nikiandika kuhusu supamaketi za Kijerumani, hakosi msomaji wa kuniuliza: kama hao Aldi na Lidl wana maduka maelfu kwa maelfu, mbona kwetu Tanzania hawaji? Nitajibu, ila nitapitia Norway kwanza.

Tuanze na boksi. Nilipokuwa nasoma Dortmund nilipata kibarua cha jioni kwenye supamaketi moja ya bei chee. Siku ya kwanza nikakabidhiwa paleti ya maziwa. Kwa bidii zangu zote nikaanza kutoa pakiti mojamoja na kuzipanga kwenye shelfu, zimetazama mbele kama askari wa gwaride. Msimamizi akaja, akaniangalia kidogo, kisha akabeba boksi zima, akalichana upande mmoja pale kiwanda kilipotoboa vitundu, akalisukuma ndani lilivyo. Pakiti kumi na mbili, sekunde tano. Mimi bado nilikuwa na ya tatu mkononi.

Watu wengi hudhani maduka haya yanauza rahisi kwa sababu bidhaa ni hafifu, au yanakula hasara makusudi ili kuvuta wateja. Mimi tangu jioni ile naamini bei yao inatoka kwenye hatua ambazo mfanyakazi hakuzitembea. Barkodi huchapwa pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuzageuza. Toroli ukitaka unatumbukiza euro 1, basi utairudisha mwenyewe, na hakuna kijana wa kulipwa azikusanye uwanjani. Aldi walichelewa kuweka skana hadi miaka ya 2000, maana makeshia wao walikariri namba za bidhaa na mashine ilikuwa haiwafikii kwa kasi.

Halafu kuna uchache. Supamaketi ya kawaida ya Ulaya huweza kuwa na aina za bidhaa elfu ishirini, hata thelathini na zaidi. Hawa wanajiendesha na elfu mbili hivi, wengine wanazidisha kidogo. Tomato sosi ni moja, ukibahatika mbili, na bidhaa nyingi zina chapa ya duka lenyewe. Sasa fikiria wewe ni mwenye kiwanda, unaambiwa chupa yako peke yake ndiyo itauzwa kwenye maduka elfu kadhaa. Utabishana sana kuhusu bei?

Ndiyo maana kwenda nchi ya nje kwao ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kabla ya maduka huja ghala, na ghala moja linahitaji maduka mengi kulizunguka ndipo lijilipe. Miaka ya mwanzo linakula hela tu. Hapa wana bahati moja: Aldi ni ya ukoo wa Albrecht kupitia mifuko ya familia, Lidl iko chini ya kundi la Schwarz, na hisa zao haziuzwi sokoni. Hakuna wa kuwapigia kelele kila miezi mitatu akidai gawio.

Uingereza inaonesha uvumilivu huo vizuri. Aldi walifungua duka la kwanza Birmingham mwaka 1990, Lidl wakafuata 1994. Kwa muda mrefu wenyeji waliwaona ni maduka ya watu wasio na uwezo. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ukawapeleka wateja wapya mlangoni, wakaonja, wakabaki. Septemba 2022 Aldi wakaipita Morrisons, supamaketi ya wenyeji, na kushika nafasi ya nne nchini. Miaka thelathini na miwili! Tesco, supamaketi kubwa ya Kiingereza, nao walijaribu kuwaiga kwa maduka waliyoyaita Jack's mwaka 2018, 2022 wakaachana nayo. Boksi unaweza kuliiga, lakini ukiwa na kampuni mama yenye gharama za supamaketi kubwa, ni shida.

Sasa Norway. Lidl waliingia 2004, na mwaka 2008 wakauza maduka yao yote, hamsini hivi, wakaondoka. Ladha za watu zilichangia: Wanorway walitaka chapa walizozizoea, na shelfu zilikuwa na majina ya kigeni. Lakini hiyo hurekebishika. Kilichowabana hasa ni ushuru. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya na huwalinda wakulima wake kwa ushuru mkubwa wa forodha. Jibini na nyama huwezi kuvileta tu kwa lori kutoka Ujerumani ukatarajia bei ileile. Inabidi ununue kwa wenyeji. Kwenye maziwa mwenye nguvu ni Tine, chama cha ushirika cha wafugaji, na mgeni mwenye maduka hamsini hana cha kumtishia. Nguvu yote ya kununua kwa wingi, iliyojengwa Ulaya nzima, ikaishia mpakani.

Na kulikuwa na mwenyeji aliyewatangulia. Rema 1000 ilianzishwa na ukoo wa Reitan mwaka 1979, baada ya kwenda kutazama Aldi wanavyofanya. Hata jina limebeba mpango wenyewe: Reitan, *mat* ambayo ni chakula, na bidhaa 1,000. Kwa hiyo Lidl walikuta wazo lao limeshazaliwa pale na linazungumza Kinorway. Unadhani nani alinunua yale maduka yao? Rema 1000.

Mwishoni mwa 2022 ikawa zamu ya Denmark. Aldi walikuwa kule tangu 1977, wakatangaza kuondoka, na maduka 114 yakachukuliwa na Rema 1000 haohao. Mwanafunzi kanunua vitanda na godoro vya mwalimu wake. Sijawahi kuona masihara ya biashara matamu kama hayo.

Haya, kwetu. Shoprite wa Afrika Kusini, ambao si wa bei chee kwa maana hii lakini ni wakubwa, waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, na Nakumatt yenyewe baadaye ikaanguka. Mgeni anayekuja na mtindo wa Aldi atahitaji mteja wa kununua mafuta lita nzima, wakati wengi wetu tunapimiwa ya mia tano. Atamkuta pia Mangi, mwenye duka la mtaani, anayefungua alfajiri, anayekopesha kwa daftari, yuko hatua ishirini kutoka jikoni kwako, na hana ghala la kulilipia.

Juzi nilisimama dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu nikahesabu aina za bidhaa zake. Hazikufika mia mbili. Maziwa ya pakiti yalikuwa juu ya kaunta ndani ya boksi lake, limechanwa upande mmoja. Nilipofika kwenye sabuni akaniuliza kama nanunua au nimetumwa na TRA.